Kizibao cha Umeme Kivaliwe na Nani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujasoma zaidi naomba usinicheke, maana najua wengine wanakuandikia kuhusu ndoa na urithi na mimi nakuandikia kuhusu kizibao. Ni kizibao cha umeme, kile chenye nyaya nyembamba ndani ambacho mwendesha pikipiki hukiunganisha na betri ya pikipiki kikampasha joto njiani. Mji wetu uko juu mlimani, na miezi hii asubuhi ni baridi ya kukata masikio, na mimi huenda shule nyuma ya pikipiki ya mume wa mama yangu. Nasema mume wa mama kwa sababu baba aliyenizaa alifariki nikiwa bado natambaa, na huyu alikuja kwetu mwaka jana, na mpaka leo sijajua nimwiteje, kwa hiyo namwamkia tu shikamoo. Yeye ni kinyozi, kibanda chake kipo mkabala na shule yetu, na ni mtu wa utani kiasi kwamba mimi mwenye haya nakosa hata pa kuanzia kumjibu.

Sasa mama ametenga pesa za nguo moja ya umeme, akaniambia, "Chagua yako, Profesa, kifua chako nakijua mimi," kwa sababu nikipigwa na baridi kifua huanza kulia kama birika. Wananiita Profesa kwa kuwa napenda kusoma. Basi nimesoma kila kitu, makoti, vizibao, glavu zenye betri zake zenyewe, soksi, hata vishikio vya usukani vinavyopata moto, halafu nikaenda dukani, na mama muuzaji akaniambia pikipiki yetu ni ndogo, umeme wake unatosha kizibao kimoja, tukiunganisha viwili betri itaisha na tutasukuma. "Kwa hiyo amueni wenyewe," akasema, "joto apate dereva au abiria."

Mshauri, hapo ndipo penye siri yangu. Kila asubuhi tukifika, yeye huzima pikipiki, huinua kidevu na kuniambia, "Nifungulie mkanda wa helmeti, Profesa, hiki kifungo kina kiburi." Nami namfungulia. Nilidhani kweli kifungo ni kibovu, mpaka siku moja ya likizo, mchana wa jua kali, nikamwona anakifungua kwa vidole viwili huku anaongea na simu. Ndipo nikaanza kumwangalia mikono. Asubuhi vidole vyake huwa vimejikunja kana kwamba bado vimeshika usukani, na wateja wa kwanza huwafungulia redio na kuwapigia soga huku mikono ameikinga kwenye taa ipate joto. Mzee mmoja alimuuliza, "Kinyozi, leo unaninyoa au unanigandisha?" Wote wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Wiki iliyopita hatukucheka. Lori la mikate lilisimama ghafla mbele yetu, na yeye akachelewa kufunga breki, tairi letu la mbele likaligusa lori kwa nyuma. Aligeuka akaniambia, "Nilitaka kunusa mikate." Lakini mimi niliona, vidole vyake vilikuwa havijaishika breki, vilikuwa vinaitafuta. Nikamwambia kwamba kizibao tukununulie wewe, akajibu, "Mimi? Mimi nimezaliwa na jiko kifuani. Mvalisheni mgonjwa." Basi akawasha pikipiki, tukaendelea na safari.

Nikimwambia mama nitakuwa nimemwaibisha mumewe, na mama akiogopa ataipiga marufuku pikipiki, na nikinyamaza, ipo siku tutaingia uvunguni mwa lori. Na kuna jambo baya zaidi ambalo sijamwambia mtu yeyote. Dakika ile ya kumfungulia mkanda ndiyo pekee katika siku nzima ambayo mimi na yeye tuko karibu, na ninaipenda, na njiani huwa naingoja, na nimewahi kufikiri kwamba akipata joto hataniomba tena. Je, mimi ni mtu mbaya? Na ninunue nini?

Ni mimi,
Abiria

*Mshauri anajibu:*

Abiria mwanangu,

Nikugombeze kwanza, huruma itafuata. Umesoma habari za nyaya na betri mpaka mwenye duka amekuzoea, lakini maneno mawili ya kumwambia anayekubeba yamekukwama kooni tangu siku ya lori. Kuona haya ni pambo zuri, ila hakuzuii ajali. Na huyo mwenye jiko kifuani naye nimgombeze: angekuwa nalo kweli, wateja wake wangechemshia chai juu yake.

Sasa huruma. Wewe si mtu mbaya. Huipendi baridi yake, unampenda yeye, na mlango mliobahatika kuupata ukawa kifungo cha helmeti. Lakini hebu nikuulize, msomaji mkubwa: mbona yeye hatulii kidogo, mikono kwapani, mpaka vidole vilainike ajifungulie mwenyewe? Huyo ni kinyozi. Kutwa anashika videvu vya watu. Chake anakuinulia wewe peke yako. Mkewe amefichwa, wateja wamefichwa, na udhaifu wake ameuweka mikononi mwako. Mtu hafanyi hivyo kwa abiria tu.

Nunua kizibao, na akivae dereva. Mimi mwenyewe niliendesha pikipiki miaka mingi kabla ya kukalia kiti hiki. Glavu za betri ni nzuri, lakini chaji ikiisha njiani zinabaki glavu tu, na zile nene sana humfanya dereva asiisikie breki vidoleni. Kifua kikipata joto, damu haina sababu ya kuvikimbia vidole. Akivae juu ya shati jepesi, kimkae mwilini, maana kikipwaya joto linakwenda na upepo, na juu yake koti la kuzuia upepo, zipu mpaka shingoni. Kwenye usukani mfunge vikinga mikono, havihitaji umeme. Fundi atakayeunganisha waya asisahau fyuzi. Na achomoe waya kabla ya kushuka, asije akaiburuta pikipiki kama mbuzi wa kamba.

Kifua chako je? Sweta mbili, skafu mpaka puani, na gazeti hili, ukishalisoma, likunje ulitie ndani ya koti. Linazuia upepo vizuri kuliko linavyozuia umbea.

Leo baada ya masomo vuka barabara, ukae kwenye kiti chake kama mteja. Kinyozi mwenye mashine mkononi hakimbii. Mwambie hivi: "Naiona mikono yako asubuhi. Naogopa tutakupoteza. Kizibao ni chako." Atatania. Mwache atanie, kisha rudia maneno yaleyale. Mama aambiwe na yeye mwenyewe, wewe ukiwepo. Akishindwa mpaka Jumapili, sema wewe, na hutakuwa umemwaibisha mtu. Mama yako alishamzika mume mmoja, ana haki ya kujua kinachoweza kumchukua wa pili. Na mpaka kizibao kifike, mwende polepole, msimame katikati ya safari mikono ipate joto. Ukichelewa kipindi cha kwanza, waambie walimu wanililie mimi.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliandika. Huko nyuma ya pikipiki unashika kile chuma cha mkiani, sivyo? Watoto wenye haya wote hushika chuma.

Kesho asubuhi kiachie. Mshike yeye.