Suruali ya Viraka

3 Machi 1984

Mwanangu mpendwa,

Salamu tele. Mimi mzima. Baba yako mzima, ila goti. Dada yako Kasuku mzima na mdomo wake. Shangazi mzima, bibi mzima, anauliza kama unakula. Wewe je? Kikohozi kimekwisha?

Nguo za bendi nimezishona. Ulitaka zing'ae, basi zinang'aa mpaka jirani kauliza namwoza binti gani. Lakini wanaume wazima suruali za kubana hivyo, mtapumulia wapi? Kanda yenu nimeisikiliza. Hilo gitaa linavyolia, nani kaliudhi?

Mama yako

19 Juni 1988

Shikamoo mama,

Hatujambo. Muziki wa roki umegeuka. Sasa ni vinanda vya umeme na makoti meusi mapana. Nishonee tena. Halafu uje ukumbini. Wote wamenisikia ila wewe.

Mwanao

2 Julai 1988

Mwanangu,

Sote wazima. Makoti hayo, na mabaki ya kitambaa nimeyaweka. Kuja siwezi. Nikikuona unapiga mayowe nitajua umeumia, nitapanda jukwaani nikubebe.

Mama yako

8 Mei 1993

Shikamoo mama,

Kasuku na watoto wake pacha hawajambo? Vinanda vimepitwa, vijana wanatuita wazee. Tumerudia magitaa, mazito. Nakutumia suruali, punguza kiuno tu. Tuna onyesho mwisho wa mwezi; likianguka, gitaa naliuza.

Mwanao

20 Mei 1993

Mwanangu,

Maskini wee! Magoti yote nje, na hukuniambia! Nimelia. Nimeziba kila tundu: goti hili kwa kitambaa cha kung'aa, kile cha zamani, lile kwa cheusi cha koti. Gitaa usiuze. Kula.

Mama yako

1 Juni 1993

Mama!

Shikamoo. Yale matundu ndiyo mtindo wenyewe! Nilifungua kifurushi ukumbini, mpiga ngoma kacheka mpaka kaangusha vijiti. Sikuwa na nyingine, nikaivaa. Watu wakapiga kelele, "Viraka! Viraka!" Basi nikagusa goti la kung'aa, tukapiga nyimbo zetu za zamani, nikagusa lile jeusi, tukapiga za vinanda, tukamalizia na mpya. Ukumbi mzima uliimba. Tumeitwa tena Agosti. Gitaa siuzi. Njoo, mama.

Mwanao

9 Juni 1993

Mwanangu,

Sote wazima, hata goti la baba limecheka. Nakuja! Pamba ya masikio ninayo. Kasuku anasema nikiitia masikioni atanikana mbele za watu. Ukipiga mayowe nitajikaza. Nijibu upesi: nisimame wapi nikuone vizuri, na huyo mpiga ngoma, mtoto wa watu, matundu ya suruali yake yako upande gani? Mkasi na vitambaa viko mkononi.

Mama yako