Sindano Haikutikisika

Likasi, tarehe 14 juni 1970

Kwa yaya wangu mupenzi, dada mukubwa Émérence,

Nakusalimia sana, weye na batoto na mama. Mugongo ya mama inaendelea namna gani hapo Kambove? Kwetu mwili iko muzuri kidogo. Usingizi tu ndiyo hakuna.

Kila dimanche kisha misa naenda gereza ya Buluo kumupelekea bwana yako chakula. Damas amekonda, lakini bado anatania, anasema bukari, ile ugali ya muke wangu Rosalie, iko na mawe. Uliniandikia kwamba Mungu anibariki kwa vile sikumutupa. Yaya, ile neno ilinichoma. Acha nikuelezee.

Kwa kazi yetu ya kampuni, Damas akimaliza kuunganisha tuyau, mabomba ya chuma ya maji, kwa moto, minye mudogo wako naziziba pande zote, najaza maji, napiga pompe mupaka sindano ya kipimo ifike thelathini. Tunangoja masaa mawili. Sindano ikishuka, maji inatoka mahali; tunatafuta ile jasho kwenye kiungo, Damas anakata, anarudilia. Hiyo si haya, ni kazi.

Mwezi wa tano, sindano ilikuwa inashuka, polepole tu. Shefu wetu Evariste alisema bakubwa wanakuja kufungua maji sikukuu ya chama, karatasi ya kipimo iwe tayari mbele ya saa sita. Nilimuambia kiungo kinavuja. Alinijibu kama sindano ndiyo inaleta maneno, niinyamazishe.

Sikukuu ilipita, na siku ya tatu tuyau ilipasuka. Hakuna muntu alikufa, lakini usine, kiwanda kizima, ilisimama. Karatasi ilisema kiungo kilikuwa kizima, basi bakubwa walisema muntu amekiharibu kusudi. Damas alikuwa ameonekana pale mangaribi moja mbele ipasuke, alirudi kukiangalia kwa mashaka yake. Walimukamata.

Yaya, ile karatasi ni yangu. Nilifunga robine, ile koki iliyo kati ya kipimo na tuyau. Sindano ikakaa thelathini, haipimi kitu, na minye nikatia sahihi.

Evariste anasema nikifungua kinywa minye na Damas tutakuwa wawili Buluo, na Rosalie atatolewa katika nyumba ya kampuni. Dimanche ya kwanza nilimuungamia Damas. Aliniomba nisiseme: na minye nikiingia, nani ataangalia batoto wake na bangu? Aliniomba hata weye nisikuambie. Hiyo imenishinda.

Ukipeleka barua hii kwa juge anayemuhukumu Damas, sitakana. Ukiichoma, dimanche nitabeba chakula kama kawaida. Najua nakutwisha muzigo wangu, unisamehe; kuchagua minye siwezi tena.

Unisalimie mama, na ubusu batoto wa Damas kwa niaba ya baba yao.

Ni minye mudogo wako,
Camille Ilunga