Mtawa Kwenye Vikombe vya Harusi

Alhamisi, 18 Januari

Zawadi za wageni zimefika. Appa, baba yangu, kafungua boksi la kwanza mwenyewe, uso unang'aa utadhani yeye ndiye bi harusi. Vikombe! Kila kimoja kina mtawa wa Kihindu: uchi, mifupa mitupu, mkono mmoja juu, kucha zimejisokota. Picha ya kale — Mzungu fulani alimwona njiani, akamchonga kwenye bamba la shaba. Leo anaingia maikrowevu. Upande wa pili, jina langu na la mchumba wangu Srivatsan ndani ya moyo mwekundu.

Appa anasema hii ni sanaa. Kila mtu hapa mjini Kumbakonam anagawa bakuli za stili, yeye hataki kuwa kila mtu.

Paati, mama yake, alikitazama kikombe weee.

"Huyu kajifanyia matanga yake mwenyewe ndipo akaiacha dunia. Wewe unamleta harusini? Na watu waweke midomo kichwani pake?"

"Mama, ni kikombe tu."

"Haya, kinywee."

Appa akajimiminia kahawa kinywani kutoka juu, bila kugusa mdomo, kama tulivyolelewa. Yote shatini. Kikombe kipana, hakikuumbwa kwa adabu zetu.

Jumanne, 23 Januari

Srivatsan na mama yake walikuja kuangalia saari. Mhandisi, mpole, hasemi. Nimejaribu. Sinema? "Sawa." Kriketi? "Sawa." Ananitaka, au anamtii mama yake tu? Ningependa kujua kabla hajanifunga uzi wa ndoa shingoni.

Kuhusu kazi yangu ya maabara, mama mkwe kasema tutaona, mwanangu, kwanza uizoee nyumba. "Tutaona" ya mama mkwe ni hapana iliyovaa saari.

Kisha Srivatsan akakiona kikombe. Macho yakamwaka! Huyu alisimama hivi muda gani? Nani alimlisha? Alilalaje? Maswali mfululizo. Mimi hajawahi kuniuliza hata maabara yangu inapima nini. Akaomba apewe kimoja.

Naona wivu. Kwa mtu wa shaba!

Ijumaa, 2 Februari

Dada yake Srivatsan kapiga simu, anacheka. Bwana harusi kaacha sukari. Analala sakafuni. Kikombe kiko mezani kwake ofisini. Hakinywei, anakitazama tu.

Amma, mama yangu, kashtuka. Appa kafurahi — mkwe asiye na anasa, tungempata wapi mwingine! Paati kanyamaza, na Paati akinyamaza nyumba nzima inaogopa.

Jumapili, 4 Februari

Ukumbini, chumba cha juu. Yadi tisa za saari, hata kukohoa siwezi. Naandika harakaharaka.

Ni ule mchezo wa desturi: bwana harusi anajifanya anakwenda zake Kashi, mji mtakatifu, kuwa mtawa. Mwavuli, fimbo, viatu vipya, kitabu kwapani. Baba wa bi harusi anamkimbilia: rudi, maisha ya nyumbani ni bora, nitakupa binti yangu. Mabwana harusi wote hugeuka kabla sentensi haijaisha. Binamu yangu aligeuka kabla hajamaliza kuvaa viatu.

Srivatsan katembea mpaka getini. Appa kasema maneno yake, kwa sauti nzuri kabisa. Watu wanacheka. Srivatsan kageuza shingo tu, akauliza kwa upole:

"Ni bora kivipi, baba?"

Zumari zikakatika.

Hakuna aliyewahi kuuliza! Appa kageuka. Kamtazama kuhani. Kuhani kasema kazi yake ni mantra, dua za ndoa tu, hilo halimo. Amma, kando yangu dirishani, kapiga kelele: mwambieni kahawa inapoa! Mama mkwe kaanza kulia.

Naye bado anasubiri. Hana dhihaka hata chembe, anataka kujua kweli. Nampenda kidogo, sasa hivi, kwa mara ya kwanza. Balaa gani hii!

Appa kainua macho huku juu. Ukumbi mzima umeinua.

"Mjibu wewe, mwanangu!"

Amma ananisukuma bega — acha kalamu, sema neno, lolote! Neno gani? Namtazama pale, mwavuli mkononi, geti liko wazi mbele yake, hatoki. Mwavuli ule wangenipa mimi, saa hizi ningekuwa nimeshafika stendi.