Matumbawe ya Zombe

Kilifi, 3 Februari 2025

Mpendwa Mwaitu,

Pokea salamu zangu, mama yangu. Mimi ni mzima. Natumaini goti limetulia na ndengu zimeingia nyumbani.

Najua umenikasirikia kwa kutoichukua ile nafasi ya ualimu huko nyumbani. Nipe hadi Aprili. Mimi na wasanii wenzangu tunaandaa maonyesho kuhusu matumbawe, yale mawe hai ya baharini ambamo samaki hujificha. Maji yamepata joto, mengi yamekufa na kubaki meupe. Nataka kuyafuma kwa nyavu zilizotupwa baharini, lakini mikono yangu haijafikia yako iliyozoea kufuma vyondo, vikapu vyetu vya nyumbani. Nimekutumia gunia la nyavu unifumie machache meupe, na picha ziko kwenye simu ya Kathini, mdogo wangu. Nisipofaulu safari hii, nitarudi nifundishe.

Mwanao,
Mbula

Zombe, 19 Machi 2025

Mwanangu Mbula,

Tuko salama, tunamshukuru Mungu, ila goti ni lile lile. Ndengu zilijaza magunia mawili na nusu.

Hasira ninayo, sikufichi. Mwalimu Ndolo amekuwekea nafasi na kila Jumapili baada ya ibada ananiuliza. Lakini hizo picha nilimwomba Kathini anionyeshe tena na tena. Mungu ameumba kitu kizuri hivyo na kukiweka chini ya maji, mahali hata hatukioni, na sasa kinakufa. Basi nimefuma kumi na moja, meupe kama ulivyosema. Nailoni yako ni mbaya, imenichubua paja nikiisokota, ikabidi nijifunge leso mbili. Kila moja linabeba ndengu za kujaza makopo manne ya gorogoro, na midomo nimeiacha wazi. Yatafika kwa basi Ijumaa.

Mamako

Kilifi, 12 Aprili 2025

Mpendwa Mwaitu,

Hujambo, na goti je? Mimi sijambo, ila nina mengi.

Nilipofungua magunia nililia. Tumbawe la kwenye picha linatosha kiganjani, nami sikukuambia, nawe ukanifumia vyondo vya kwenda sokoni. Tulikuwa tumepanga vitu vidogo vya kutundika ukutani. Muda ulikuwa umekwisha, tukayaweka sakafuni.

Siku ya ufunguzi walikuja akina mama wanaovua pweza. Maji ya bahari yakipungua, wao huingiza mkono kwenye mashimo ya mwamba. Mmoja aliinama kwenye tumbawe lako moja, akaingiza mkono hadi kiwikoni kana kwamba yuko kazini, kisha akautoa. Akasema, "Siku hizi ni hivi hivi. Mkono unarudi mtupu."

Baada ya hapo hakuna aliyetazama vile nilivyofuma mimi, na sikuona wivu. Mwaitu, wewe ni fundi, na mimi nimechukua miaka ishirini na sita kuliona. Wenye ukumbi wameniomba nibaki mwaka mzima. Ukisema nije, nitakuja.

Mwanao,
Mbula

Zombe, 27 Aprili 2025

Mwanangu Mbula,

Sisi ni wazima, na mvua imenyesha mara mbili.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikamsomea jirani yetu Katunge. Huyo mama wa pweza nimemfikiria sana. Mwaka ule wa njaa niliingiza mkono ghalani hivyo hivyo, ninyi mkinitazama. Mpe salamu zangu.

Nilitaka urudi, na bado nataka, usidhani nimeacha. Lakini leo baada ya ibada nilimwambia Mwalimu Ndolo ampe mwingine hiyo nafasi. Akaniuliza huko unafanya kazi gani. Nikamwambia unafanya kazi ya mamako.

Mamako