Kucha Iliyobaki Shukani

Dada yangu,

Sisi hatujambo. Paka amezaa watatu, na lile bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Siku ya mazishi ulininyooshea kidole mbele ya ukoo mzima: "Huyu ndiye kamuua mama, kwa fangasi wa maabara yake!" Mwenye kelele ulikuwa wewe, mwenye hadubini mimi.

Fangasi wetu kazini tumewanyofoa kinasaba kinachowaotesha nyuzi za kutoboa nyama. Hawaui hata panya. Wale wa kwenye damu ya mama walikuwa na nyuzi. Ndipo nikaikumbuka kucha ya bandia, nyekundu, niliyoiokota shukani mwake na kuihifadhi, siku ile uliyong'ang'ania kumfungia mpira wa dripu mwenyewe. Nesi alikuomba ubandue kucha kwanza, ukamsonya. Nimepima vinasaba vya fangasi waliojificha chini yake: ni walewale wa mama.

Majibu anayo mjomba. Atayasoma Jumapili, ukoo mzima ukiwepo.

Kucha yako nimeitia humu kwenye bahasha. Ishike tu, usiogope, nimeichemsha. Mimi hunawa, dada.

Mdogo wako, muuaji.