Kompyuta Uliyoniachia Inajizima

Mwamapalala, Itilima,
14 Mei 2025.

Mpendwa dada Jenifer,

Mwangaluka, dada yangu. U mzima huko unovisini? Wamekuzoea, au bado wanaicheka lafudhi yako ya Kisukuma? Sisi hatujambo. Mayu alikuwa na kifua, sasa mama yetu huyo anapika na kugomba kama kawaida. Mimi tu ndiye sina raha.

Kompyuta uliyoniachia inajizima. Naandika dakika ishirini, mara giza, bila hata onyo. Na Jumanne saa nne asubuhi nina usaili wa kazi ya ukarani wa takwimu, unafanyika humo humo kwa mtandao, saa nzima. Wameandika wazi kwamba atakayetoka katikati haruhusiwi kurudi. Dada, usingizi sipati.

Fundi wa Somanda alibadilisha chaja, niliporudi nyumbani ikazima. Akasema betri imechoka, tukabadilisha, ikazima. Bibi Nyanjige akashauri tuiulize kama inakukumbuka wewe. Nilicheka, halafu nikaogopa, maana nilikaribia kuiuliza kweli.

Ajabu ni kwamba kwa fundi, mezani, iliwaka mchana kutwa. Nimekuja kugundua juzi. Unajua msimu wa pamba chumba chetu ndicho ghala, hata meza haionekani. Nikawa naketi juu ya lundo, kompyuta nimeilaza kwenye pamba kama mtoto mchanga. Nilipoipindua nikakuta matundu ya feni yamejaa nyuzi za pamba. Kumbe naiziba pumzi mwenyewe. Nimezitoa kwa sindano, na jana imekaa dakika hamsini nikaizima kwa hofu. Kumi zilizobaki sizijui.

Nikamweleza baba. Leo asubuhi yeye na kaka Mayunga wametoa pamba yote nje, chini ya turubai bovu, ili nyuzi zisiingie tena. Mizani ya chama cha ushirika haifunguliwi mpaka wiki ijayo, na upande wa Meatu kuna mawingu. Ikilowa itaitwa fifi, pamba ya daraja la chini, na unajua baba alivyoipalilia akiwa na mgongo ule.

Mayu, bibi, kaka Mayunga na mkewe Lucy wanakusalimu sana. Barua hii anakuletea Flora wa kwaya.

Jumanne hiyo niombee mambo mawili: kompyuta isizime, na mvua isinyeshe. Ukiona yote mawili ni mengi, anza na la baba.

Mungu akutunze katika wito wako.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kija