Nilivyomtetea Waziri

Kasongo, Ijumaa. Mvua ya asubuhi imekatika, jua linachoma, na mimi nimejifungia ndani kama mwenye ndui.

Mimi! Niliyefika Ujiji mara tatu, ninayechekesha hata wafiwa.

Baada ya sala tulibishana barazani: je, mji umsomee hitima marehemu Waziri, mshauri mkuu wa bwana wetu wa zamani, kabla Wazungu hawajatwaa Kasongo? Mwalimu wa chuoni, yule niliyemtoroka kabla sijamaliza juzuu, alikataa.

"Huyu mutu aliunguza vijiji vya Wabangubangu kule Kabambare. Tumusomee nini?"

Nikasimama. Nikasema Waziri ndiye aliyetulimisha mpunga, ndiye aliyeamua kesi bila kula rushwa.

"Na muke wangu je? Alimuleta na kamba shingoni. Leo iko na vikuku vya fedha, na bwana muzuri kama mimi! Huyo ni mubaya?"

Baraza likaangua kicheko. Hitima ikakubaliwa.

Kumbe mke wangu, Zaina, alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Akaliweka chini, polepole.

"Baba Salima, waambie na habari ya mama yangu."

Mama yake alitekwa pamoja naye. Njiani miguu ilimvimba, akaachwa.

"Si alirudi kwao?" nikamjibu. "Nilikuambia zamani."

Mbele ya watu wote, nikaurudia uongo ule ule.

Maana nilikuwa nyuma kabisa ya msafara siku ile, gobori begani. Waziri aliamuru asiyeweza kutembea aachwe, asipewe hata maji. Mimi ndiye niliyemfungua yule mama kamba. Akanishika kanzu. Nikaviondoa vidole vyake kimoja kimoja, kisha nikaimba kwa sauti, wenzangu wasione uso wangu.

Nilipofika mbele nilimwambia Zaina mama yake amegeuka, anarudi nyumbani. Alikuwa analia, nilitaka anyamaze. Baadaye nikampenda, na uongo ukakaa nasi nyumbani kama mtoto mwingine.

Kuivunja hitima naweza. Nitasimama tena barazani, wanicheke mimi safari hii.

Lakini Zaina yuko uani. Wamemletea mchele wa hitima ya Waziri auchambue, naye anauchambua.

Ee Mola, nikifika mbele yake nikaanza na mzaha, nizibe kinywa.

Natoka.